Upana wa Geti la Uani

Gari lilikuwa limeshatoka uani, tairi za mbele ziko barabarani, wakati mlango wa jikoni ulipofunguka na msichana akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kwapani alikuwa amebana daftari.

"Nisubirini!"

"Punguza mwendo," babu alimwambia baba. "Mwanao huyo anakuja kama ameona nyoka."

Baba alipunguza mwendo lakini hakusimama. Gari lile likizimika asubuhi lilitaka watu wanne wa kulisukuma, na watu wenyewe walikuwa watatu, mmoja mgonjwa. Baba mdogo, aliyekuwa amekaa nyuma juu ya kamba na misumeno, alinyoosha mkono akamnyanyua msichana mzimamzima na kumtua kando yake.

"Kijiti, wewe utachelewa hata harusi yako."

"Mimi siolewi."

"Afadhali. Kwa wembamba huo bwana harusi angekutafuta kwa tochi."

Kijiti lilikuwa jina la utani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu, mwembamba, na hodari wa hesabu kuliko wote darasani. Ndiyo maana daftari lilikuwa mikononi mwake. Asubuhi hiyo walikuwa wanakwenda kununua mashine, na ndani ya daftari hilo ndimo ilimokuwa namba ya kuamulia ipi inunuliwe.

Familia hii iliishi kwa kukata miti ya mjini. Mti ukiinamia paa, tawi likigusa nyaya za umeme, shina likioza ndani, watu waliwaita. Baba alipanda juu kwa kamba na mkanda. Baba mdogo alikuwa chini na msumeno wa injini. Babu, baba yao wote wawili, aliyewafundisha kazi hiyo, alikuwa mburutaji. Tawi likianguka, yeye ndiye aliyelivuta kutoka nyuma ya nyumba, akalipitisha kwenye geti jembamba la ubavuni, akalifikisha barabarani kwenye gari. Alikwenda na kurudi hivyo kutwa nzima, kwa miaka mingi.

Sasa nyonga yake ya kulia ilikuwa imechoka. Ngazi za mlangoni alizishuka kinyumenyume, ameshika ukuta. Daktari alimwambia akiendelea kuburuta atalala kitandani. Bibi alimwambia apumzike nyumbani.

"Nikikaa nyumbani nitakufa kwa kusikiliza redio," babu alijibu, na mjadala ukaisha.

Basi wanawe wakakubaliana kununua mashine ya kusaga matawi. Unaliingiza tawi mdomoni mwake, meno yanalivuta ndani, visu vinalikatakata, na chenga zinatoka upande wa pili kwa bomba. Mashine ingesukumwa mpaka uani, chini ya mti wenyewe. Babu angesimama hapo hapo, akiilisha matawi mepesi, wala asiburute kitu. Chenga zingebaki kwa mwenye nyumba, azimwage bustanini kwake. Mashine yenyewe ilikuwa inanunuliwa kwa ajili hiyo tu, ili babu aendelee kufanya kazi na wanawe.

Lakini mashine isiyoweza kupita getini haina faida. Kwa hiyo Jumamosi iliyotangulia, baba alimpa Kijiti futi ya kupimia na orodha ya nyumba ishirini za wateja wao wa kila mwaka.

"Pima geti la uani la kila nyumba. La kila nyumba, umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Alipima sita, zote za mtaa mpya. Geti jembamba kuliko yote lilikuwa na sentimita tisini na nne. Jua likamchoma. Mwanzoni mwa mtaa wa zamani kulikuwa na mbwa, na kabla ya kumfikia mbwa alimkuta rafiki yake wa shule anaruka kamba. Kijiti akaruka kamba mpaka jioni, kisha akaketi kibarazani akajaza nyumba kumi na nne zilizobaki kwa kubuni: tisini na tano, tisini na mbili, tisini na sita. Alizichanganya vizuri, zisifanane mno.

*

Muuzaji wa mashine alikuwa mama mmoja aliyevaa ovaroli, mikono yake ina grisi mpaka viwikoni. Baba mdogo alishuka na kipande cha gogo nene kama paja, akamwekea mezani.

"Mama, tupe inayoweza kumeza hili."

Yule mama alicheka. "Ninyi wakata miti ni wale wale. Kila anayekuja ananiletea gogo. Mimi sijakuuliza mashine itameza nini. Nakuuliza itapita wapi."

Akawaonyesha mbili. Ndogo ilikuwa na upana wa sentimita sabini na nne, na mdomo wake ulimeza tawi lisilozidi unene wa mkono wa mtu mzima. Kubwa ilikuwa na upana wa themanini na nane, na gogo la baba mdogo iliweza kulimeza. Akaiwasha ile kubwa, akaingiza gogo. Mashine ikanguruma, gogo likatoweka, chenga zikaruka mpaka ukutani. Baba mdogo akapiga makofi kama mtoto.

"Hii ndiyo mashine! Ile nyingine ni ya kukatia mboga."

"Mimi naitaka hiyo ya mboga," babu alisema. "Nataka itakayonifuata mpaka uani."

"Hata hii itakufuata, baba, geti likiruhusu."

Baba aliwatazama wote wawili, kisha akamgeukia bintiye. "Kijiti, geti jembamba kuliko yote lina ngapi?"

Msichana alifungua daftari. Watu wazima wanne walikuwa wanamtazama, na babu alikuwa ameegemea nguzo ili kuupumzisha mguu. Angesema kweli wakati ule, ingekuwa fedheha ya dakika tano.

"Tisini na mbili," alisema.

"Umepima yote?"

"Yote, baba."

"Basi hata kubwa inapita," baba akasema, na akaonekana amefurahi, maana moyoni naye aliipenda kubwa.

Yule mama aliwaandikia karatasi. "Ndani ya mwezi mmoja, visu vikiwa vizima, mnaweza kubadilisha. Baada ya hapo ni yenu mpaka ife."

*

Nyumba ya kwanza waliyoitwa ilikuwa ya mtaa wa zamani. Walisukuma mashine kwa vicheko, ikafika getini, magurudumu yakagonga nguzo pande zote mbili. Wakairudisha, wakajaribu kwa pembe. Ikagonga tena. Baba akachukua futi. Sabini na tisa.

"Kijiti, hapa uliandika tisini na sita."

Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka shule, begi bado liko mgongoni. "Labda wamebadilisha geti, baba."

Babu alikuwa karibu. Alipitisha kidole kwenye bawaba za geti, akakitazama. Kidole kilijaa kutu nyekundu, kutu ya miaka. Akamtazama mjukuu wake.

"Mh," alisema, akaingia uani kuburuta matawi.

Siku ile mashine ilisimama barabarani, na matawi yakaletwa mpaka ilipo, umbali ule ule wa zamani. Nyumba ya pili, sawasawa. Baba mdogo alijaribu kumzuia babu na kuburuta mwenyewe, lakini msumeno nao ulimhitaji, na babu hakuwa mtu wa kuzuilika. Nyumba ya tatu, ya mtaa mpya, mashine ilipita vizuri, na babu alifanya kazi amesimama tangu asubuhi mpaka saa kumi, akiimba. Baba akasema, "Mnaona? Ni bahati mbaya tu ya zile mbili." Kijiti alishukuru kwa neno lile, akajificha nyuma ya neno hilo.

Jioni moja alimpelekea babu chai. Babu alikuwa kitandani, chupa ya maji ya moto imewekwa nyongani.

"Kijiti, una la kuniambia?"

"Hapana, babu."

"Haya. Mimi nipo."

Hakuuliza tena.

Wiki ya nne, siku ya Jumamosi, waliitwa na mwalimu mstaafu wa mtaa wa zamani. Mkaratusi wake ulikuwa unaegemea paa. Geti sabini na nane. Kijiti alikuwa akifagia majani kando ya ukuta, kwa hiyo aliona kila kitu. Babu alikuwa anavuta tawi refu, likanasa kwenye nguzo ya geti. Akavuta. Likakataa. Akaukita chini mguu mzima, akavuta kwa uzito wake wote, na tawi likaachia ghafla. Alianguka ubavu juu ya ukingo wa mfereji wa saruji.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi, ndiyo hiyo."

*

Nyonga ilikuwa imevunjika. Kwenye ukumbi wa hospitali, baba alikaa kwenye benchi, bado amevaa mkanda wa kupandia, na vumbi la mti kwenye nyusi. Kijiti alisimama mbele yake.

"Baba, hawakubadilisha mageti."

"Nini?"

"Mageti. Sikuyapima. Nilipima sita. Mengine nilibuni."

Alingoja kofi. Baba alifungua mkanda pole pole, akauweka chini, akauokota, akaufunga tena kana kwamba amesahau alitaka kufanya nini.

"Sita," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Kati ya ishirini."

"Ndiyo."

Baba akainamisha kichwa. Muuguzi akawaita ndani.

Asubuhi yake walikwenda mtaa wa zamani pamoja. Baba alishika ncha moja ya futi, Kijiti nyingine, na baba hakusema lolote isipokuwa namba. Kwenye nyumba ya mbwa walibisha hodi, mwenye nyumba akamshika mbwa wake, wakapima. Haikuchukua hata dakika mbili. Kati ya nyumba kumi na nne, kumi na tatu zilikuwa na geti la chini ya themanini na nane.

Mwezi ulikuwa bado siku mbili uishe. Yule mama wa ovaroli alivikagua visu kimoja kimoja, akavipitishia kidole, akakubali. Wakapakia mashine ndogo.

"Na yule mzee wenu aliyeitaka hii yuko wapi?" aliuliza.

Baba mdogo alijifanya anakaza kamba iliyokuwa imekazwa tayari.

Walianza nayo kwa mwalimu mstaafu, kumalizia mkaratusi. Mashine ilipita getini, ikaenda mpaka chini ya mti. Baba mdogo aliilisha matawi mwenyewe. Mahali pa babu palikuwa pametengwa, pasafi, hapana mtu.

Babu aliporudishwa nyumbani walimlaza chumba cha mbele. Kijiti aliingia, akasimama mlangoni.

"Inapita?" babu aliuliza.

"Inapita, babu. Kinabaki kidole kimoja kila upande."

"Kidole kimoja kinatosha. Njoo ukae."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kulia. Babu alimwacha alie mpaka amalize.

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza," babu alisema. "Zile bawaba zilikuwa na umri wa kukuzidi wewe. Nikasema nikungoje useme mwenyewe. Nilikuwa na kichwa kigumu, na hilo ni kosa langu, nimeshamwambia baba yako. Lakini la kwako nalo lipo, sitaki ulitupe. Sikiliza. Watu wa kazi wanaishi kwa namba za wenzao. Baba yako akiwa juu, mimi nikimwambia kamba ina mita ishirini, anashuka kwa mita ishirini. Haihesabu tena. Anaamini. Siku nikibuni, anaanguka. Namba usiyoipima, sema hujaipima. Ungesema 'sijui', baba yako angekufokea, ungelia, tungepima, tungekula. Neno 'sijui' halijawahi kumvunja mtu mguu."

"Nisamehe, babu."

"Nimeshakusamehe. Hilo halitanipa nyonga nyingine, lakini nimeshakusamehe."

Mashine ndogo ilifanya kazi miaka tisa, ikabadilishwa visu mara nyingi na injini mara moja. Baba alipanda miti mpaka alipofika miaka hamsini, kisha akaanza kuwafundisha vijana wawili. Baba mdogo alioa, akahamia mji mwingine, na huko anakata miti kwa jina lake mwenyewe. Mwalimu mstaafu aliung'oa mfereji ule wa saruji, akaweka bomba chini ya ardhi. Kijiti alimaliza shule, akasomea ufundi wa ujenzi, na siku za likizo huja kumsaidia baba yake. Babu alijifunza kutembea kwa magongo mawili, kutoka kitandani mpaka kibarazani. Kazini hakurudi. Alifariki mwaka wa pili baada ya kuanguka, msimu wa mvua, na bibi, aliyehamia humo kumuuguza, bado yuko katika chumba cha mbele.