Filipo Mikononi mwa Yasinta

Kama kawaida yake atokapo shule, Dorkas alitundika begi ukutani, akala ugali wa mtama kwa mlenda, kisha akashika ufagio. Alifagia uwanja huku jicho moja likiwa mlangoni. Pale kizingitini alikaa Yasinta, binti wa shangazi yake, aliyeletwa kutoka Issuna kusaidia kulea, amempakata Filipo, mtoto mchanga ambaye hata kitovu kilikuwa hakijadondoka.

Moyo ulimchoma. Miaka yote alikuwa peke yake kwa mama yake, akimwomba Mungu ampe mdogo wake. Sasa amekuja, anabebwa na mgeni!

"Mama, na mimi nimbebe kidogo."

"Hapana, mwanangu. Shuleni kwenu kuna tetekuwanga, nawe hujawahi kuiugua. Hata mimi sijawahi. Yasinta alishaugua zamani. Nesi Agripina wa zahanati alisema mtoto mchanga akiipata anaweza hata kufa. Subiri ipite."

"Yasinta, Yasinta! Kila kitu Yasinta," Dorkas alinung'unika.

Jioni Yasinta alipombembeleza mtoto kwa wimbo, Dorkas aliziba masikio. Mama aliposema, "Yasinta akimshika tu, mtoto analala," machozi yalimlengalenga.

Siku iliyofuata Yasinta alikwenda kisimani na Mama akaenda kuoga. Dorkas alinyata hadi chumbani, akamwinua Filipo, akambusu shavuni.

"Mimi ndiye dada yako," alimnong'oneza. "Si yule."

Alimlaza upesi, akatoka akijiona mshindi.

Kulipokucha mwili wake ulikuwa wa moto. Tumboni na mgongoni vilimtoka vipele vyenye maji, vinavyowasha. Baba akampeleka nyumba ya pili, kwa bibi, asikae karibu na mtoto.

"Afadhali ulitusikiliza, mwanangu," Baba alimwambia kwa upole. "Umemkinga mdogo wako."

Sifa hizo zilimuuma kuliko vipele. Angenyamaza, nani angejua? Lakini alimfikiria Filipo, mdogo vile, asiyeweza kusema hata panapomuuma.

"Baba, nilimbeba," alisema akilia. "Jana, Yasinta alipokwenda kisimani. Nilimbusu."

Baba alimgeukia. "Kwa nini, Dorkas?"

"Nilimwonea wivu Yasinta."

Baba hakungoja zaidi. Aliita pikipiki, akawapeleka Mama na Filipo zahanati, na kutoka hapo wakapelekwa hospitali.

Dorkas alibaki amejifunika kanga. Yasinta akaingia na bakuli la uji.

"Umenikasirikia?" Dorkas aliuliza.

"Sana. Kunywa, uji unapoa." Yasinta alikaa kitandani, akatazama chini. "Wewe umekasirika kwa sababu ya mtoto. Mimi kila usiku nakuona uko na mama yako, na wangu yuko Issuna. Unadhani mimi sioni wivu?"

Dorkas alipokea bakuli. Alikunywa uji wote.

Baada ya majuma kadhaa Mama na Filipo wote walitokwa na vipele. Mtoto alipata homa kali, akakataa kunyonya. Lakini madaktari walikuwa wakimwangalia tangu mwanzo, wakamwanzishia dawa mapema. Homa ikashuka, akaanza kunyonya tena, na mwishowe wakaruhusiwa kurudi nyumbani, Mungaa.

Nesi Agripina alipokuja kuwajulia hali, Dorkas, ambaye alikwishapona, alimwamkia, "Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Keti hapa, mwanangu. Wivu humwingia kila mtu. Kosa lako ni kuutii, ukampelekea ugonjwa mtoto asiye na nguvu za kupigana nao. Tunapokwambia usimkaribie mtoto mchanga, hatukunyimi upendo, tunamlinda yeye. Lakini ulisema ukweli kabla hatujachelewa, na ukweli huo ndio uliomwahisha hospitali. Ukikosea tena maishani, fanya hivyo hivyo: sema upesi, hata kama unaona aibu. Aibu hupona. Si kila ugonjwa unapona."