Kidole cha Marehemu

Kompyuta ilifunguka yenyewe kabla Mchoraji hajaigusa. Ilikuwa saa nne asubuhi, yeye bado amesimama na kikombe chake cha chai, na skrini ikaandika: Karibu. Chini yake palikuwa na jina la mwenzake wa kazini waliyemzika wiki tatu zilizopita.

Kosa lilikuwa la Mchoraji mwenyewe. Kwa wachora ramani za majengo, mashine haifutwi mpaka kazi ikamilike, maana mipangilio ikipotea mchoro nao huvurugika. Ofisi ilipomkabidhi kompyuta ya marehemu akamalizie kazi nyumbani, alisajili kidole chake kwenye kisomaji cha alama za vidole, na cha marehemu akakiacha humohumo.

Mashine yenyewe haikuwa na sura ya kupenda watu. Nyeusi, mgongo wa chuma, nzito ya kuvunja bega. Skrini pana, kibodi yenye safu yake ya namba, matundu ya nyaya ubavuni kila upande, na nyuma midomo miwili ya kutolea joto. Hiyo midomo sasa ilikuwa inahema. Feni zilivuta, zikatulia, zikatoa, na hewa iliyotoka ilinuka udongo mbichi.

Mchoro uliofunguka haukuwa wa kazi. Ilikuwa nyumba yake, chumba kwa chumba, na kando ya chumba cha binti yake palikuwa na kijichumba kisicho na mlango wala dirisha, urefu sentimita mia na kumi. Binti yake, aliyelala huko na mafua, alikuwa na urefu huohuo.

Akampigia kaka yake, fundi wa kompyuta. Kaka alifika na bisibisi mfukoni na mzaha mdomoni.

"Dada, hizi zina joto tu. Wewe na woga wako!"

Akachomoa chaja. Akafungua skrubu za chini, akatoa betri, akaiweka mezani. Skrini haikuzimika. Feni zikavuta pumzi ndefu zaidi, na mzaha ukamkauka.

"Kaka, tutoke," akanong'ona Mchoraji.

"Ngoja. Nafuta kidole chake."

Akaingia kwenye mipangilio. Swali likatokea kwenye skrini, naye akabonyeza Ndiyo palepale, kama afanyavyo kila siku kwa wateja. Skrini ikawa nyeusi. Feni zikanyamaza. Kaka akacheka kwa nguvu, jasho likimtoka.

"Umeona? Imekwisha."

"Umesoma ilichouliza?"

"Ah, dada, nani anasoma hayo?"

Mchoraji alikuwa amelisoma swali: Mtumiaji huyu ahamishiwe kwa mtoto?

Alikimbia, akapiga bega mlangoni, akampita kaka aliyekuwa bado anauliza kuna nini, akafika kitandani na kumkuta binti yake amekaa wima, viganja vimelazwa sambamba juu ya shuka, mafua yote yamekauka, kifua kikivuta, kikitulia, kikitoa hewa ya moto yenye harufu ya udongo.

"Mwanangu," akaita, akilia. "Mama niko hapa."

Mtoto akamgeuzia macho taratibu.

"Mwenzangu," akasema kwa sauti nzito ya kiume, "mbona nafasi humu ni ndogo hivi?"