Nguzo Zilizobaki Juu ya Kabati

"Toa nguzo, shemeji! Unangoja nini?"

Fundi Miwani alizidi kupekua. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, mikono ndani ya begi, mvua ya mawe ikimpiga kisogoni kama changarawe. Huko juu hakukuwa na mti hata wa kutundikia kofia. Kulikuwa na nyasi fupi, miamba, na ukungu ulioshuka ghafla ukameza njia waliyotoka na njia waliyokuwa wakiiendea. Nyuma yake alikuwa ameketi kaka wa mkewe, bonge la mtu ambaye mji mzima ulimwita Mpima Maji kwa kazi yake, ameushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili. Jiwe lilikuwa limeteleza chini yake muda mfupi uliopita, na wote wawili walikuwa wameusikia mfupa ukilia.

Hema walikuwa nalo. Lilikuwa limetandazwa tayari, likipigwapigwa na upepo. Kilichokosekana ni nguzo zake, zile za faibaglasi zinazochomekwa kipande kwa kipande na kupindwa kama upinde. Fundi alijua hazimo begini. Alijua zilipo: nyumbani, juu ya kabati la chumbani, zimefunikwa na sweta lake kuukuu. Alizipandisha yeye mwenyewe.

Alichotoa kilikuwa mfuko mwembamba wa kitambaa, na ndani yake ufito wa kuvulia samaki, vipande sita, kila kimoja urefu wa kutoka kiwiko hadi kiganja.

Mpima Maji aliutazama, maji yakimchuruzika puani. "Hiyo nini?"

Hapo ndipo mtu angesema kweli, akatukanwa, yakaisha. Fundi alifungua kinywa aseme kweli, kikatoka kitu kingine.

"Mama watoto ndiye aliyepakia," alisema. "Mifuko inafanana. Lazima alichanganya."

"Dada yangu huyo!" Mpima Maji alifumba macho kwa maumivu. "Tangu utotoni. Ukimtuma chumvi anakuletea sukari. Nikishuka salama atanitambua!"

Mkewe hakuchanganya kitu. Mke wa Fundi Miwani ni mwanamke ambaye hata soksi anazikunja kwa jozi. Jioni ile kabla ya safari alizichomeka nguzo kwenye mfuko mrefu wa ubavuni mwa begi, akaenda kulala. Fundi akabaki sebuleni na ufito wake.

Ufito ule aliuunda mwenyewe, kwenye meza ileile ya dukani anaposaga vioo vya miwani. Vikonyo vya kupitishia mshipi alivifunga kwa uzi mwekundu, akitazama kwa lenzi, kisha akavipaka vanishi mara tatu. Fito za kisasa alikuwa amezijaribu akaziona zimekakamaa, zina haraka kama mtu aliyekunywa kahawa nyingi. Wake, wa faibaglasi, ulikuwa na subira. Ukiurusha unapinda polepole kuanzia nchani mpaka kwenye mshikio, unakungoja, ndipo unapoupeleka mshipi mbele kwa upole. Na wepesi wake! Ukiushika kidogo tu unasahau kama una kitu mkononi. Ukitenganishwa vipande unaingia hata kwenye begi la kwendea kazini, wala bosi hajui. Mkewe aliuita mke mwenza.

Kwa hiyo msaidizi wa Mpima Maji alipougua, na Mpima Maji akaja kutafuta mtu wa kupanda naye hadi ziwa linaloulisha mji maji, wakazibue chujio na kusoma kipimo, Fundi alijitolea kabla chai haijapoa. Alikuwa amesikia kwamba ziwa lile lina samaki wa maji baridi, wenye madoadoa ubavuni.

"Tunakwenda kazini, shemeji," Mpima Maji alimwonya, maana alimjua. "Nisione ndoana."

Sasa ufito ulitoshea mahali pamoja tu begini, kwenye ule mfuko wa ubavuni. Fundi alipiga hesabu zake. Kando ya ziwa kuna kibanda cha bati wanacholala wafanyakazi. Hema ni la dharura, na dharura gani itampata mtu aliyeipanda njia hiyo miaka yote? Akazitoa nguzo. Tamaa mbele, mauti nyuma. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa mkuu mwenyewe ndiye aliyevunjika, na asiyesikia alikuwa mzima kama jiwe.

"Tutakufa kwa baridi," alisema Mpima Maji. Meno yalikuwa yameanza kumgongana.

"Hatufi."

Fundi aliuunganisha ufito. Kipande cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Akauingiza kwenye mkunjo wa hema mahali pa nguzo, akachimbia mshikio matopeni na kuuzingira mawe, kisha akaushika upande wa nchani na kuanza kuupinda. Aliupinda taratibu, akisubiri mlio. Ulipinda mpaka akaona haya kuutazama. Ufito mwingine wowote ungekwisha kukatika. Huu uliinama, ukainama, ukagusa ardhi upande wa pili, na hema likainuka kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Nchani palikuwa pembamba mno, kwa hiyo alipaimarisha kwa mshipi wake mzuri, akiukaza kwenye miamba huku na huku.

Alimburuta shemeji yake ndani kwa makwapa. Mtu mzima alilia kama mtoto, na Fundi alilia pia, ila mvua ilimfichia. Alimvua nguo zilizolowa, akamfunika kwa kila kilichokuwa kikavu, akauzungushia mguu kile kigodoro chembamba cha kulalia na kuufunga kwa mkanda wa suruali. Kisha akajilaza mgongoni mwake ampe joto. Usiku kucha hema lilitetemeka juu yao na ufito haukukatika. Kila upepo ulipovuma, Fundi aliomba ukatike. Aliona hiyo ingekuwa haki. Halafu alikumbuka ni nani atakayelipia haki hiyo, akaomba uvumilie.

Asubuhi mvua ilikuwa imekwisha lakini ukungu haukuondoka. Huwezi kumbeba mtu mahali ambapo huioni miguu yako.

"Maji yapo?" Mpima Maji aliuliza. Midomo ilikuwa imempasuka.

"Kijito kipo hapo chini, nakisikia. Chakula ndio shida. Mkate wote umekuwa uji."

"Basi kavue."

"Nini?"

"Si una ufito? Hema litanilalia tu kama blanketi, upepo umetulia. Nenda, usikae hapo ukinitazama kama maiti."

Fundi alienda. Alifunga nchani mwa mshipi ndoana yenye nzi wa bandia wa manyoya ya kuku, akasimama kwenye mawe ya kijito, akarusha. Ufito ulipinda ukamngoja, kama alivyouzoea. Mshipi ulifunguka angani bila sauti na ukatua kwenye maji kama uzi wa buibui. Akarusha tena. Mara ya tatu samaki alipanda, ufito ukatetemeka hadi kiwikoni mwake, na Fundi akacheka kwa sauti, peke yake ndani ya ukungu.

Alikuwa na furaha. Ilimchukua muda kulitambua hilo, na alipolitambua aliketi juu ya jiwe akamshika yule samaki bila kumwangalia. Mtu mwenye mguu uliovunjika alikuwa amelala pale juu bila nguzo za hema, kwa ajili ya furaha hii hii.

Walimpika samaki kwenye jiko dogo la gesi, nusu mbichi, wakala na mifupa. Mpima Maji alijilamba vidole.

"Kumbe kosa la dada lina baraka zake," alisema. "Angepakia nguzo, leo tungekula nini?"

"Shemeji..."

"Eeh?"

"Kunywa maji."

Ukungu ulipofunguka kesho yake, Fundi alivichagua vipande viwili vinene vya ufito, akaviweka pande zote mbili za mguu, akavifunga kwa mshipi tangu goti hadi kifundo. Kisha akainama.

"Panda."

"Shemeji, mimi ni gunia mbili za mahindi."

"Panda, nimesema!"

Aliyezoea kubeba vioo vya miwani alimbeba bonge la mtu mgongoni. Hatua chache, pumziko. Hatua chache, pumziko. Mabega yalichubuka, kisha yakafa ganzi. Mpima Maji alimwelekeza njia kutoka mgongoni: shika kushoto, fuata bomba, hapo pana utelezi. Walipanda ukingo wa mwisho jua likiwa limekaza, na simu ya Fundi ikapata mtandao. Mikono yake haikuwa na nafasi, kwa hiyo Mpima Maji ndiye aliyeipiga, akaweka sauti kubwa.

Mkewe alipokea kabla haijalia mara mbili. Mpima Maji alimweleza walipo, kwamba mguu umevunjika na Fundi amembeba mgongoni, na kwamba awaambie wenzake wa kazini waje na machela kwa njia ya bomba kuu. Halafu hasira ya siku mbili ikampanda.

"Na wewe! Umetaka kuniua! Unapakia ufito wa mumeo unaacha nguzo za hema? Una akili kweli? Nimelala matopeni kama nguruwe kwa ajili yako!"

Fundi alisimama na mzigo wake, jasho likimwingia machoni. Alingoja mkewe apige kelele, aseme nilizipakia kwa mkono wangu.

"Nisamehe, kaka," ilisema sauti. "Nilichanganya. Shikeni njia mje."

Fundi alitembea. Kilo za shemeji hazikuongezeka, ila tangu hapo alimwona mzito zaidi.

Machela iliwakuta njiani. Hospitalini muuguzi aliukata mshipi kwa mkasi, akamkabidhi Fundi vile vipande viwili, vimepakaa damu na matope. Alitoka navyo ukumbini. Mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi na mkoba mapajani, macho yamevimba. Fundi akaketi.

"Hukuchanganya," alisema.

"Najua. Nimezikuta juu ya kabati, ndani ya sweta lako."

"Lini?"

"Usiku ule mvua ilipoanza. Nilipanda kitini nichukue blanketi." Alikuwa akikitazama kipande kimoja cha ufito, ule uzi mwekundu. "Nilikaa nazo mapajani mpaka asubuhi."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ulikuwa umembeba mgongoni! Ningemwambia, angekubali kubebwa na wewe? Unamjua kaka. Angeteremka akatambaa." Alisimama, akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Sasa ameshafika. Ingia."

Fundi aliingia. Mpima Maji alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta, akiwasimulia wagonjwa wawili wa jirani.

"Ndiye huyu! Shemeji yangu! Mnamwona alivyo? Kanibeba siku nzima! Waambie, shemeji, yule samaki alikuwa mkubwa kiasi gani."

Fundi alisimama miguuni pa kitanda. "Nguzo nilizitoa mimi," alisema. "Mama watoto alizipakia, mimi nikazitoa, nikazificha juu ya kabati ili ufito upate nafasi. Hakukosea kitu."

Wagonjwa wa jirani walikumbuka kutazama dirishani. Mpima Maji hakuutazama mguu wake. Alikuwa akitafuta kitu usoni mwa Fundi, na ilionekana hakukipata.

"Nimemtukana," alisema hatimaye. "Naye akasema nisamehe kaka."

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

Mpima Maji alivuta shuka akajifunika vizuri, kama mtu anayejiandaa kupokea mgeni wa heshima.

"Mguu utapona," alisema. "Niitie dada yangu. Wewe baki huko nje kwanza."

Fundi alimwita. Mkewe alimpita mlangoni bila kumgusa, na mlango ulipokuwa ukijifunga alisikia lile bonge la mtu limeanza kulia, likimwita mdogo wake kwa jina la utotoni. Fundi aliketi kwenye benchi lililokuwa bado na joto la mkewe. Vile vipande viwili vilikuwa mkononi mwake, naye alikuwa amevishika kwa nguvu zake zote.