Chomoa Plagi Kwanza

Elibariki alikuwa seremala wa Kariakoo. Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya vyumba vyao viwili. Humo alitengeneza rafu na makabati ya wenye maduka. Mkewe, Agnesi, ambaye mtaani wanamwita Mama Evelyn, aliuza chai na vitumbua barazani. Kila asubuhi msumeno wa umeme ulilia uani, na wateja wa chai walikuwa wameuzoea.

Msumeno ule ulitengenezwa utumiwe kwa kushikwa mkononi. Elibariki aliupindua, akaufunga kwa bolti chini ya meza, meno yakatokeza juu. Mafundi wengi mjini hufanya hivyo, maana mashine ya meza ni ghali. Lakini swichi sasa ilikuwa chini ya meza. Basi akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaifunga swichi ili ibaki imebonyezwa siku zote, akawa anauwasha na kuuzima kwenye plagi tu. Na kinga ya meno? Aliifungua kwa bisibisi, akaitupa kwenye ndoo ya misumari.

"Inanichelewesha," alisema. "Mimi nimeshika msumeno tangu nikiwa kijijani Rombo. Nani atanifundisha?"

Ukibishana na fundi wa namna hiyo, unapoteza mate yako bure. Agnesi alirudi kwenye vitumbua vyake.

Jumamosi moja msumeno ulizima katikati ya ubao. Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, ulikuwa umeisha.

"Mama Evelyn, umeme!" Elibariki aliita.

"Nimeona. Nanunua kwenye simu."

"Fasta basi, watu wanasubiri rafu zao!"

Elibariki aliona kipande cha mti kimekwama kwenye meno. Umeme haupo, aogope nini? Akaingiza vidole vya mkono wa kushoto, akaanza kukichokoa. Plagi ilikuwa bado ukutani. Tyubu ilikuwa bado imeibana swichi.

Ndani, Agnesi alisoma namba kwenye simu, akaziingiza kwenye mita moja moja. Alijitahidi asikosee, na hakukosea. Alipobonyeza kitufe cha mwisho, taa iliwaka. Uani, mumewe alipiga ukelele.

Bi Ruqaya, mwenye duka la mashine pale kona, alikuwa barazani akinunua vitumbua. Alikimbilia uani, akachomoa plagi. Jirani mmoja alikuja na mafuta ya taa.

"Usimwagie hayo!" Bi Ruqaya alifoka. "Nipeni kanga safi. Kaza hapa, usiachie. Mkono uwe juu. Haya, hospitali!"

Madaktari walijitahidi. Vidole viwili vilikuwa vimesagika, havikuweza kuunganishwa. Kimoja kilikuwa cha pete. Agnesi aliifunga pete ya ndoa kwenye leso, akaiweka kabatini.

Elibariki aliporudi nyumbani, majirani walikuja kumpa pole. "Ndiyo hivyo, fundi," walisema. "Ajali haina kinga."

"Hii ilikuwa nayo," Bi Ruqaya alisema kwa hasira. "Ipo kwenye ndoo ya misumari. Nendeni mkaione."

Watu waliinamisha vichwa. Walipoondoka, akabaki Bi Ruqaya, Agnesi alianza kulia.

"Mimi ndiye niliyewasha ile mashine, Bi Ruqaya. Nilibonyeza kwa kidole changu mwenyewe."

"Sikiliza, mwanangu. Aliyeko kwenye mita haoni uani. Umeme ukikatika, mashine haijazima. Inasubiri tu. Ukirudi, inaendelea pale ilipoachia. Ndiyo maana mtu hagusi meno kabla ya kuchomoa plagi, hata kama mtaa mzima una giza. Na swichi haifungwi. Ukiiachia, inatakiwa izime."

Agnesi alifuta macho, akamtazama. "Na siku anainunua kwako, hayo ulimwambia?"

"Nilimpa karatasi ya maelezo."

"Ya Kichina."

"Na Kiingereza." Akashusha pumzi. "Wateja walikuwa wengi siku ile, Agnesi. Sikumwambia. Wallahi, sikumwambia."

Agnesi hakumwambia kwamba si kitu. Kilikuwa kitu.

Jeraha lilipopona, Bi Ruqaya alirudi. Yeye na Elibariki waliufungua msumeno kutoka chini ya meza. Walikata ile tyubu, wakairudisha kinga mahali pake. Bi Ruqaya alileta klempu mbili, vibanio vya chuma, na miwani ya kukinga macho.

"Sasa ubao ndio unabanwa mezani," alisema. "Wewe unashika msumeno kwa mikono miwili. Hakuna kidole kinachokwenda mbele ya meno. Jipu likishatumbuka hulirudishi, fundi, lakini vinane vilivyobaki tuvitunze."

Siku hizi Bi Ruqaya hamuuzii mtu mashine mpaka amwonyeshe yote hayo, hata foleni ifike barabarani. Elibariki naye amerudi kazini. Anakwenda polepole, na wateja wengine wamemkimbia.

Agnesi, hata hivyo, hakuigusa tena ile mita. Umeme ukiisha, alimwomba mpangaji mwenzao aingize namba. Yeye alitoka nje na kuziba masikio.

Siku moja umeme uliisha, na mpangaji hakuwepo. Elibariki alichomoa plagi. Aliubeba msumeno mpaka ndani, akauweka miguuni pa mkewe. Plagi akampa mkononi.

"Ishike," alisema. "Sasa ingiza."

Agnesi aliishika plagi kwa mkono mmoja. Kwa mwingine aliingiza namba. Alibonyeza kitufe cha mwisho. Taa iliwaka. Msumeno ulikaa kimya sakafuni.

Agnesi akaangua kilio.

"Sasa unalia nini?" Elibariki aliuliza. "Si mashine haijawaka?"

"Ndicho ninacholilia, Baba Evelyn. Kumbe ilikuwa kazi ndogo hivi."

Elibariki alinyoosha mkono wa kushoto aichukue plagi, akakumbuka, akatoa wa kulia.