Si Tuanze Kesho?

Kila alipotoka shule, Kidomo alipitia kwenye jengo alikofanya kazi mama yake, fundi vigae. Alivua viatu vyake vilivyoachama mbele, akashika sponji. Mama alibandika, binti akapangusa. Jina la Kidomo alipewa na mafundi, na hawakumwonea.

Siku hiyo mabafu yote yalikuwa yamekwisha, yanang'aa, lakini malipo hakuna. Mkandarasi aliyempa Mama kazi alikuwa na jibu lilelile: "Kesho, dada. Mwenye jengo akinilipa, nakulipa." Tatizo, Mama aliyakubali masharti hayo tangu mwanzo.

"Na viatu vyangu navyo vimngoje mwenye jengo?" Kidomo alifoka. Akakunja tambara, akalisokomeza kwenye tundu la maji bafuni. "Lifurike! Akome!"

"Litoe."

"Kwani wewe humchukii, Mama?"

"Namchukia mpaka meno yananiuma! Lakini bafu likiziba, atasema kazi yangu mbovu, apate sababu ya kuninyima. Unataka kumpa zawadi?"

Kidomo akalitoa, amenuna.

Mara mkandarasi akaingia akihema. "Dada yangu, mwenye jengo anakuja Jumamosi kukagua! Anza ngazi sasa hivi!"

Mama akakalia boksi la vigae. "Nilipe mabafu kwanza. Ngazi, nusu kabla sijaanza, inayobaki ghorofa kwa ghorofa. Na tuandikiane. Mwenye jengo akulipe asikulipe, hayo ni yenu wawili."

"Nitatafuta fundi mwingine!"

"Mtafute."

Mkandarasi akampigia fundi mmoja, akakatiwa simu. Wa pili alicheka mpaka kicheko kikajaa chumba, kisha naye akakata. Kumbe nao walikuwa bado wanasubiri ile "kesho" yake ya malipo! Mama alisikiliza kama anayesikiliza muziki.

Mkandarasi akatoa noti, mnyonge. Wakaandikiana, akatia sahihi. "Haya, anza basi."

Kidomo akachungulia nyuma ya mama yake. "Mjomba, si tuanze kesho?"

Mama akajikuna pua kuficha kicheko.

Baadaye, akikoroga gundi ya vigae, alisema, "Umeona? Ungeharibu bafu, ungeniadhibu mimi. Masharti hupangwa kabla ya kigae cha kwanza. Kikishakauka cha mwisho, huna cha kushikilia. Mimi nilikosea hapo, sirudii. Lete sponji. Viatu tunanunua kesho."

"Kesho ipi, Mama?"

"Ya kwangu."