Kilele Ndani ya Chupa Tupu

Siku hiyo Bi Moto aliitukana mashine kabla hajamsalimia mtu.

"Mshenzi wewe! Nakupa kiyeyusho safi, unaniletea sumu?"

Ndivyo alivyo, na ndiyo maana maabara nzima ilimpachika jina hilo. Mkemia hodari, mdomo wembe. Ila safari hii alikuwa na haki ya kufoka. Chupa aliyoiingiza ni ile wanayoiita tupu: ina kiyeyusho peke yake, haina dawa wala chochote. Mashine ya kwanza hutenganisha vitu, kila kimoja kikitoka kwa zamu yake, na ya pili hukipima uzito ili kijulikane ni kitu gani. Kwa chupa tupu, mstari kwenye skrini hunyooka mwanzo hadi mwisho. Huu ulinyooka, kisha ukainuka kilele kirefu, chenye uzito uleule wa sumu aliyokuwa akiitafuta kwenye dawa ya kikohozi ya watoto.

Akasafisha mirija. Akabadilisha kiyeyusho. Akachukua chupa mpya kabisa. Kilele kikarudi, tena kimekuja na harufu: manyoya yaliyoungua, na juu yake asali iliyochacha.

Mkurugenzi akaingia bila kubisha, tai imemkaba, tabasamu mpaka magego.

"Mama, mbona tunacheleweshana? Kanuni si yenu wenyewe? Kilichomo kwenye tupu ni uchafu wa mashine, kinatolewa kwenye hesabu ya dawa. Tupu ina kilele, dawa ina kilele, vimelingana. Toa hiki kwenye kile, hakibaki kitu. Dawa ni safi. Saini."

"Sisaini upuuzi."

"Zahanati zimejaa watoto wanaokohoa. Dawa imeshafika huko, inasubiri neno lako tu."

"Na isubiri! Afadhali wakohoe kuliko wazikwe!"

"Mpaka jioni," akasema Mkurugenzi, na tabasamu halikupungua hata chembe. "Usiposaini wewe, atasaini mwenye akili."

Mlango ulipofungwa, Bi Moto alipiga meza ngumi hadi chupa zikalia. Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa muuguzi katika mojawapo ya zahanati hizo. Maboksi ya dawa yalikuwa chini ya meza yake, na alikuwa ameshasema: neno la dada likitoka tu, nafungua.

Fundi wa mashine, mwanamume mpole anayeogopa hata kivuli chake, akamsogelea kwa kunyata.

"Bi Moto, punguza sauti. Lina masikio."

"Lipi?"

"Juzi Mkurugenzi alikuja na mzee nisiyemjua, nasikia hufuga majini. Wakanitoa nje. Niliporudi, nyuma ya mashine palikuwa na majivu ya moto na damu mbichi."

"Na wewe ukafyata mkia!"

"Mama, nina watoto."

"Na hao wanaokohoa ni mbuzi?"

Hapo pampu ya mashine, ile ambayo huvuma mchana na usiku mpaka watu wanaisahau, ikashusha sauti yake, ikashuka tena, hadi mvumo ukawa pumzi, pumzi nzito ya kiumbe aliyejikunyata nyuma ya mabomba, ikavuta, ikatulia, ikatoa, na kila ilipotoa ile harufu ya manyoya iliwapanda puani, na Fundi akaanza kusoma dua midomo ikigongana, na Bi Moto naye, kusema kweli, mwili ulimsisimka kuanzia kisigino mpaka utosini.

Lakini hasira iliizidi hofu. Hasira ikamfanya afikiri. Hili jini linajuaje ni chupa ipi ni tupu? Linasoma lebo tu! Basi alifanya wanachofanya wakemia wanapomshuku mwenzao: sampuli ya fumbo. Hakusema neno. Alimziba Fundi mdomo kwa kiganja, akatia chupa zote mbili mfukoni mwa koti lake, humo akabandua lebo zake na kuzibadilisha kwa kupapasa. Kiyeyusho kitupu kikaitwa dawa, dawa ikaitwa tupu. Akaziingiza, akakunja mikono, akangoja.

Chupa iliyoitwa tupu ikatoa kilele maradufu: sumu ya dawa, na ya jini juu yake. Iliyoitwa dawa ikatoa mstari ulionyooka kabisa, maana jini lilidhani humo sumu ipo tayari, halikujisumbua.

"Nimekukamata!" Bi Moto akaruka. "Mjinga wa majini! Mashine ni safi, dawa ndiyo yenye sumu, na ushahidi umenipa mwenyewe!"

"Usiliongeleshe," Fundi akamnong'oneza, machozi yanamtoka. "Nakuomba, mama, usiliongeleshe."

Nani amzuie? Aliliporomoshea jini matusi yote aliyowahi kuyajua, na ya Mkurugenzi akayaunganisha humohumo. "Ulikodiwa uue watoto, umeshindwa! Sasa hivi nampigia mdogo wangu, yule muuguzi, aimwage dawa yote chooni! Neno langu tu analisubiri! Langu mimi!"

Pampu ikanyamaza kusikiliza. Kisha mvumo wa kawaida ukarudi, na harufu ikakatika.

"Limeondoka," Fundi akasema, haamini.

"Lazima liondoke." Bi Moto akaandika kwa herufi kubwa, DAWA INA SUMU, akatia saini mpaka karatasi ikatoboka. Ndipo akachukua simu.

"Dada, umesahau nini tena?" mdogo wake akapokea. "Si tumemaliza kuongea sasa hivi?"

"Sijaongea na wewe leo."

"Acha utani. Namba yako, sauti yako. Umenifokea mpaka wagonjwa wamegeuka. Eti, 'Fungua maboksi, mzembe wewe, dawa ni safi, nimesaini mwenyewe!' Wa kwanza nimeshampimia kijiko, mama yake amempakata hapa."

Hasira yote ikamwishia Bi Moto. Akaketi sakafuni.

"Mdogo wangu, nakusihi. Usimpe. Yule hakuwa mimi. Nakuomba, tafadhali, mdogo wangu..." Na kilio kikamtoka.

Upande wa pili mtoto akakohoa. Muuguzi aliporudi kwenye simu, sauti yake ilikuwa baridi.

"Wewe ni nani?"

"Dada yako!"

"Dada yangu hajawahi kuniomba kitu tangu nizaliwe. Dada yangu anaamrisha. Matapeli wakubwa, mpaka namba yake mmeiba?"

Akakata.

Bi Moto akapiga tena. Simu ya mdogo wake ilikuwa inatumika.