Mnazi wa Kitovu cha Shamte

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mwanamkuu alipochota kata ya saba ya maji, akaimimina shinani mwa mche wa mnazi. Ardhi ikayanywa palepale. Hayakuacha hata unyevu.

"Kata ngapi hizo, wifi?" aliuliza Kidawa, dada wa marehemu mumewe, kutoka mlango wa jiko. "Mnazi gani huo unakunywa kama ng'ombe?"

Kidawa alipenda utani. Mwanamkuu hakucheka.

Mche ule ulikuwa wa mwanawe, Shamte. Huko Bweni, zama za utawala wa Mdachi kama ilivyokuwa kabla yake, kitovu cha mtoto kikishaanguka kilizikwa, na nazi iliyochipua ikapandwa juu yake, ili mtoto na mnazi wakue pamoja. Shamte alifika mwaka na nusu, ndui ikamchukua. Baada ya arobaini, Mwanamkuu alihamia kwa wifi yake. Hakuweza kuuacha mnazi peke yake kwenye kiwanja kile kitupu. Akaung'oa, akachimba shimo jipya, akatia majivu na chumvi kama alivyofundishwa na mama yake, akaupanda nyuma ya jiko.

Sasa makuti yake yalikuwa yanakauka moja baada ya jingine. Ukifa huu, alijiambia, sina tena kitu cha Shamte.

Akamimina kata ya nane.

Ssss...

Sauti ya kunyonya. Ya haraka, yenye pupa. Halafu kikohozi kidogo, kama cha mtoto aliyepaliwa.

Harufu ikapanda kutoka ardhini: mafuta ya nazi na majani ya mwarobaini. Ndivyo alivyompaka Shamte siku zile za mwisho.

"Kidawa," alinong'ona. "Njoo."

Kidawa alikuja, akainama, akasikia. Utani ukamtoka usoni.

"Ulipoung'oa, kitovu ulikihamisha?"

"Sikukiona. Nilichimba sana... sikukiona."

"Mnazi wa kitovu hauhamishwi, mwenzangu, na wewe unajua. Umembeba nusu, nusu umeiacha kule." Alimshika mkono. "Tuurudishe sasa hivi, kabla ya magharibi. Na hiyo kata iweke chini. Ukimpa maji, hataondoka."

Mwanamkuu hakuiweka chini.

Siku ile ya mwisho, Shamte alikuwa na maneno mawili tu aliyoyajua: mama, na maji. Aliyasema yote mawili tangu asubuhi mpaka alasiri. Wakubwa walisema asipewe, maji yataizamisha ndui ndani ya mwili. Mwanamkuu akatii. Alikaa kando ya kitanda, kata imejaa mkononi, akatii.

Udongo ukatikisika.

"Mama..."

Kidawa akarudi nyuma, midomo ikisoma Ayatul Kursi.

"...maji."

Mwanamkuu akapiga magoti. "Chukua, baba," alisema taratibu. "Kunywa. Sikukatazi tena."

Akachota mpaka mtungi ukaisha.

Mnazi haukurudishwa, wala haukufa. Ulishika, ukanenepa shina, na mwaka wa saba ukazaa kuliko minazi yote ya jirani. Watu wakaja kuangua madafu. Kila dafu walilolipasua lilikuwa na nyama laini nyeupe, lakini maji... hata tone. Wenye mashamba walisema ni ugonjwa wa minazi. Labda. Kidawa aliacha kupita nyuma ya jiko.

Kila jioni Mwanamkuu aliweka kata iliyojaa shinani. Kila asubuhi aliikuta tupu. Aliyeuliza aliambiwa ni kunguru.

Mwaka wa kumi Mwanamkuu akafariki. Walimzika baada ya alasiri. Waombolezaji walipotawanyika, Kidawa alibaki barazani peke yake, tasbihi mkononi.

Nyuma ya jiko, kitu kikagonga mtungi.

Ko... ko...

Polepole, kama mtoto asiyetaka kusumbua. Halafu kimya. Kimya cha mtu anayengoja.

Kidawa aliziba masikio. Akayazibua.

Ko...

"Nakuja, baba," alisema, huku machozi yakimtoka. Akainuka kwenda kuchota maji.